"Put off" si kuahirisha peke yake? Imeniponza kazini, naomba msaada

Mfasiri Mwanafunzi

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kwenye neno moja la Kiingereza ambalo nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nalijua, kumbe nalijua nusu.

Nafanya kazi ya kutafsiri, bado nipo kwenye kujifunza. Hivi karibuni nilipewa mwongozo wa cherehani ya umeme, kurasa 94, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Ni kazi ya kukaa kitako: namna ya kutunga uzi, namna ya kujaza bobini, sindano gani kwa kitambaa gani, na michoro midogo midogo yenye mishale inayoelekea kila upande. Nikazama humo, nikawa kimya siku kadhaa. Msimamizi wangu, ambaye tunawasiliana kwa maandishi tu na lugha yetu sote wawili ni Kiingereza, akaniandikia hivi:

"I hope the length of the document didn't put you off."

Mimi "put off" najua ni kuahirisha. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo kamusi yangu ndogo inavyosema, mstari mmoja tu, basi. "They put off the meeting", waliahirisha mkutano. Kwa hiyo sentensi yake niliisoma kama ananiuliza kwa upole: natumaini urefu wa waraka haujakuchelewesha. Na kweli nilikuwa nimechelewa siku mbili, maana sura ya aina za mishono ilinitoa jasho. Nikaona nisimfiche, nikajibu:

"Yes, it put me off for two days, but I will finish on Friday."

Alikaa kama saa nzima ndipo akajibu: "I'm sorry to hear that. Would you like me to give the rest to someone else?"

Niliposoma hapo mwili wote ulininyong'onyea. Mtu nimesema nitamaliza Ijumaa, kazi inakwenda vizuri, sasa kuninyang'anya kunatoka wapi? Nikamwandikia haraka kwamba kazi naipenda na sitaki apewe mwingine. Akanielewa, hakuwa na neno, kazi ikabaki kwangu. Lakini mwisho wa ujumbe wake akaongeza: "And don't let chapter seven put you off. It gets easier after that."

Neno lilelile tena! Hapo ndipo nilipojua kuna kitu sikijui, kwa sababu "kuahirisha" haikai hapo hata uilazimishe. Sura ya saba itaniahirishaje mimi?

Tangu siku hiyo nimeanza kuliona kila mahali, nikawa naziandika sentensi kwenye daftari. Hizi ndizo zinazonisumbua:

"His manner put me off."

"Stop humming, you're putting me off."

"I ask for my money every week and he keeps putting me off."

"The smell put me off my lunch."

Zote nne ukiweka kuahirisha zinagoma. Ya tatu nusura ikubali, kisha inakataa.

Sasa naomba kuelewa: hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno tofauti yaliyofanana sura? Na mtu anayesoma kwa haraka anajuaje maana ipi ndiyo inayokusudiwa, bila kusimama kila mara kufungua kamusi? Halafu, kusema kweli, nataka pia kujua msimamizi wangu alielewa nini siku ile niliyomjibu. Linanikaa moyoni.

Kalamu Nyeusi

Pole sana dada. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linalokuuma.

Yeye aliuliza: "Natumaini urefu wa waraka haukukuvunja moyo." Wewe ukamjibu: "Ndiyo, ulinivunja moyo kwa siku mbili, lakini nitamaliza Ijumaa." Kwa hiyo alichokisikia ni mtu anayeifanya kazi shingo upande. Kukuuliza kama unataka apewe mwingine ilikuwa ni kukuonea huruma, hakutaka kukunyang'anya. Usiwe na kinyongo naye.

Ulichotaka kusema ni "It delayed me by two days" au "I'm two days behind". Ungeandika hivyo yasingetokea yote hayo. Kwa nini neno liwe hivyo, nawaachia wajuzi.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na nakwambia neno hili limewaangusha wanafunzi wengi hodari kuliko maneno marefu ya kisomi. Neno gumu mtu hulisimamia akafungua kamusi. Hili hulipita huku akijua analijua. Wewe umesimama ukauliza, na hapo umeshavuka nusu ya safari.

Kwanza usiwaonee wivu Waingereza, maana Kiswahili chetu kinafanya mambo hayohayo. Mgeni anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi kwenye "piga" atakuta kuchapa. Kisha anasikia mtu amepiga magoti, mwingine amepiga pasi, wa tatu amepiga mswaki, na huyu hapa anapiga hodi. Hakuna aliyechapwa hapo. Au chukua "amka" na "amkia". Amka ni kutoka usingizini. Ukiongeza irabu moja tu inakuwa kusalimu mkubwa wako, na unaweza kumwamkia mtu saa kumi jioni, wakati hakuna aliyelala. Sisi kidude chetu tunakipachika ndani ya kitenzi, wao wanakiweka nyuma, peke yake: off, on, up, out. Kwa lugha zote mbili kitenzi kinaondoka kwenye maana yake ya kwanza.

Sasa hili la kwako. Ni neno moja, na ndani yake mna picha moja. "Put" ni kuweka. "Off" ni mbali, kutoka pale kilipokuwa. Kuweka mbali. Swali la kujiuliza ni nini kinachowekwa mbali, na kinawekwa mbali na nini.

Kama kinachowekwa mbali ni shughuli, basi kinawekwa mbali na leo. Mkutano, safari, mtihani, harusi, kwenda kung'oa jino. Hapo ni kuahirisha, au kama watu wanavyosema, kupiga kalenda. "They put off the meeting until Monday." Hii ndiyo kamusi yako iliyokupa.

Kama anayewekwa mbali ni mtu, mambo yanabadilika kabisa. Mtu hawezi kuahirishwa, ila anaweza kuondolewa kwenye jambo alilokuwa akilitaka. Kitu fulani kinamfanya arudi nyuma, hamu inakatika, moyo unasita. "His manner put me off": namna alivyokuwa, maneno yake, macho yake, vilinifanya nisimtake tena. Kiswahili kina maneno mengi ya kuchagua hapo kulingana na habari yenyewe: kumkata mtu hamu, kumtoa hamu, kumvunja moyo, kumkinaisha, kumchefua. Usitafute neno moja la kutumia kila mahali, halipo. Kwenye ujumbe wa msimamizi wako ningeandika "usivunjwe moyo na sura ya saba". Kwenye harufu na chakula cha mchana ningeandika "harufu ile ilinikata hamu ya kula".

Nitakuonyesha kwa sentensi mbili ambazo darasani nilikuwa naziandika ubaoni moja juu ya nyingine, kisha nakaa kimya hadi mtu aseme kitu:

"I put off eating."

"It put me off eating."

Zitazame vizuri. Maneno karibu ni yaleyale. Ya kwanza: niliahirisha kula, nitakula baadaye, njaa ninayo. Ya pili: kilinitoa hamu ya kula, na hata ukinipakulia sasa hivi sitakula. Kilichozitenganisha ni "me" iliyoingia katikati. Mtu akishaingia pale katikati ya "put" na "off", acha kufikiria kalenda, anza kufikiria moyo wa huyo mtu. Hiyo ndiyo njia ya kusoma haraka uliyoiuliza: kabla ya kutafsiri, tafuta anayetendewa. Ni shughuli au ni mtu?

Lakini sitaki nikudanganye kwamba inatosha, kwa sababu kuna ile sentensi yako ya tatu, ya mdaiwa. "He keeps putting me off." Katikati pana mtu, na bado kuna harufu ya kuahirisha. Umehisi sawasawa. Hapa tazama na anayetenda. Kinachokata hamu mara nyingi ni kitu au tabia: harufu, bei, urefu, sauti, jinsi mtu alivyo. Ila mtu anapomfanyia mtu mwenzake kwa makusudi, na kuna jambo analodaiwa, ndiyo ile ya njoo kesho, njoo keshokutwa, subiri kidogo. Kiswahili cha mitaani kinaisema vizuri kuliko kamusi zote: anakuzungusha. Anakupiga danadana. "I ask for my money every week and he keeps putting me off": kila wiki namdai, na kila wiki ananizungusha. Kilichowekwa mbali ni wewe, mbali na haki yako.

Ndugu wa karibu wa maana hiyo hana ubaya wowote. Una wageni wanakuja, kisha umepata dharura. "I had to put them off until Sunday." Niliwaambia wasije kwanza, waje Jumapili. Siku ikitajwa namna hiyo, "until" fulani, basi ni kuahirisha hata kama katikati pana mtu.

Ya pili kwenye daftari lako, ya mtu anayevumisha wimbo puani, ni mtu kutolewa kwenye anachokifanya wakati huohuo. Unahesabu noti, mwenzako anataja namba kwa sauti. Unataka kupiga penalti, mtu anapiga mluzi nyuma ya goli. "You're putting me off": unanivuruga, unanipoteza. Hamu unayo, ila akili imesukumwa pembeni.

Halafu kuna kosa lako lenyewe, nalo lina somo. Hata kuchelewesha hakukuwa sahihi pale. "Put off" ya kuahirisha inataka mtu aliyeamua. Mvua ikinichelewesha njiani, mvua haikuamua kitu, kwa hiyo "the rain delayed me", na mvua haikun"put off". Ukisema "the rain put me off", msikilizaji ataelewa kwamba uliiona mvua ukaghairi kutoka. Tofauti hiyo Kiswahili tunayo, kuchelewesha na kuahirisha, lakini tukiwa tunaandika Kiingereza tunaisahau.

Upande wa kupanga maneno, mambo mawili tu ndiyo huwa nayapigia kelele. Nomino inaweza kukaa popote: "put off the meeting", "put the meeting off", zote safi. Kiwakilishi hakina uhuru huo, lazima kiingie katikati: "put it off", "put me off". "Put off it" haisemwi. Na kitenzi kinachofuata kinachukua -ing: "I put off going", kamwe si "I put off to go". Hili la pili ndilo gumu kwetu kwa sababu Kiswahili kinasema "niliahirisha kwenda", na mkono unaandika "to go" wenyewe. "Put" yenyewe haibadiliki wakati uliopita, put ni put, kwa hiyo "they put off the meeting" inaweza kuwa juzi au desturi yao ya kila mara, na sentensi zinazoizunguka ndizo zitakazokuambia. Ila "she puts off" ile s inakuokoa.

Maana za zamani nazitaja kwa kuwa wewe ni mfasiri na siku moja utakutana nazo. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, kwenye Kutoka 3:5, Musa anaambiwa "put off thy shoes from off thy feet". Sisi tunasoma "vua viatu vyako". Picha ni ileile, kuweka mbali na mwili, lakini leo ukimwambia mtu "put off your shoes" atakushangaa. Sema "take off". Na taa: "put off the light" bado inasikika sana katika Kiingereza cha sehemu nyingi za Afrika. Kwenye mwongozo wa mashine usiitumie. Andika "turn off" au "switch off".

Nimesema mengi. Neno hili nalipenda.

Kalamu Nyeusi

Mwalimu, shikamoo, na asante. Naongeza moja iliyowahi kunichanganya mimi: "put out". Mwenyeji wangu aliniambia nilale kwake, nikataka kusema sitaki kukusumbua, nikasema "I don't want to put you off". Nilipaswa kusema "put you out". Yeye alisikia kama namwambia sitaki kukuchukiza, akaanza kuniuliza nina jambo gani baya la kumwambia. Herufi mbili tu.

Jioni Njema

Mjadala huu umenigusa, kwa sababu mimi naogopa zaidi ndugu wa "put off" kuliko "put off" yenyewe. Naomba niwaonye wenzangu wanaopanga mikutano na watu wa lugha nyingine.

Kiswahili tunasema mkutano umesogezwa mbele. Kila mmoja wetu anaelewa: haupo tena siku ile, upo baadaye. Mimi ndiye niliyekuwa napanga ratiba ya kikundi chetu, watu sita wa nchi tofauti. Mkutano ulikuwa Jumatano. Wawili wakaomba muda zaidi, nikaona tuusogeze mbele siku mbili. Nikafikiri, mbele ni "forward", nikaandika bila wasiwasi:

"We will bring the meeting forward by two days."

Sikutaja siku. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Jumatatu asubuhi naamka nakuta wanne wameshaingia kwenye mkutano, wamenisubiri dakika arobaini, na mmoja wao alikuwa ameamka saa tisa usiku kwa saa za kwao. Wale wawili walioomba muda zaidi walikuwa miongoni mwao, wamekesha kumalizia kazi, wakijiuliza kwa nini niliwabana badala ya kuwapa nafasi.

Kumbe kwa Kiingereza "bring forward" ni kuuleta mkutano karibu, uwahi zaidi. Sisi tukisema mbele tunatazama kule siku zinakokwenda. Wao hapo wanaivuta siku ije upande wao. Na kinyume chake kipo vilevile: "put back" na "push back" ni kupeleka baadaye, wakati mimi nikisikia "kurudisha nyuma" naelewa uwe mapema. Na "move forward" hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, mmoja anaelewa mapema mwingine baadaye.

Tangu siku hiyo natumia "put off", haina mbele wala nyuma. Kuweka mbali na leo ni kuweka mbali na leo, hakuna anayeielewa vingine. Na siku naitaja kwa jina na tarehe yake, kila mara: "The meeting has been put off until Friday."

Nilimwandikia kila mmoja wao peke yake kuomba radhi. Walinisamehe, lakini yule aliyeamka saa tisa usiku bado namfikiria.

Mwalimu Mstaafu

Jioni Njema, mfano wako ungekuwa kwenye vitabu vya shule. Nakubaliana nawe mia kwa mia kuhusu kutaja siku.

Nyongeza ndogo ili mtu asichanganye: "put off" inaacha mlango wazi, mkutano utakuwepo. Mkutano ukifutwa kabisa ni "call off". "The match was put off" mashabiki watunze tiketi zao, "the match was called off" kila mtu na njia yake. Na ukiandika barua rasmi, "postpone" ina heshima zaidi, nayo imetoka kwenye Kilatini, post ni baada, ponere ni kuweka. Ni kuweka na kuweka, lugha mbili zimekutana kwenye wazo lilelile. Lakini angalizo: "postpone" inaahirisha tu. Haiwezi kukukata hamu wala kukuvuruga. Hiyo ni njia nzuri ya kujipima unaposoma: badilisha "put off" uweke "postpone". Sentensi ikisimama, ni kuahirisha. Ikianguka, rudi kwenye moyo wa mtu.

Mfasiri Mwanafunzi

Shikamoo Mwalimu. Asanteni wote, nimesoma kila neno, na sehemu ya "I put off eating" na "It put me off eating" nimeinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Nimerudi kwenye zile sentensi nne na kujaribu kile kipimo cha "postpone". "The smell postponed me my lunch." Imeanguka kifudifudi. Sasa naelewa kwa nini zilikuwa zinagoma, nilikuwa nalazimisha kalenda kwenye habari za moyo.

Naomba mnisahihishie hizi, nimezitunga mwenyewe usiku huu kutokana na kazi yangu:

"I put off to translate chapter seven because it was difficult."

"The drawings put me off at first, but now I enjoy them."

"They promised to send the missing pages, but they keep putting off me."

"Please don't put off my work to another person."

"Chapter five has an off-putting title." Hii nimeiona mahali, nikajaribu kuiga. Sina hakika kama off inaruhusiwa kukaa mbele namna hiyo.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Twende.

Ya kwanza, mkono wako umeandika Kiswahili: "I put off translating chapter seven." Ulijua, kwa sababu nilikuwa nimekwambia, na bado "to" imepenya. Itapenya tena. Iandike sentensi hiyo moja mara kumi kwa mkono, si kwa kubonyeza.

Ya pili ni nzuri, sina la kugusa. Na umeweka "at first", ambayo Kiingereza hupenda sana hapo, kwa maana hamu iliyokatika inaweza kurudi.

Ya tatu: "they keep putting me off". Kiwakilishi katikati. Maana umeipata barabara, wanakuzungusha.

Ya nne haipo. Nimefurahi umeijaribu, kwa kuwa inaonyesha picha ya kuweka mbali inavyoweza kumpoteza mtu. Umefikiri: kuiweka kazi mbali nami, kuipeleka kwa mwingine. Picha inakubali, lugha haikubali. "Put off" haihamishi kitu kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Sema "Please don't give my work to someone else", kama msimamizi wako alivyoandika yeye mwenyewe. Ile picha niliyokupa ni ya kukusaidia kukumbuka maana zilizopo. Usiitumie kuzalisha mpya.

Ya tano ni sahihi, na umeuliza vizuri. Kitenzi kikigeuka kuwa sifa, off inaruka mbele na kuunganishwa kwa kistari: "off-putting". Inabeba ile maana ya kukata hamu tu. Mkutano ulioahirishwa hauitwi "off-putting", hata uahirishwe mara ishirini.

Jambo moja la masikio. Ukiisema, mkazo uweke kwenye "off", usiuweke kwenye "put". "Don't put it OFF." Wanafunzi wangu wengi waliitamka "put" kwa nguvu na "off" wakaimeza, na msikilizaji akabaki anasubiri kuambiwa kiwekwe wapi.

Mfasiri Mwanafunzi

Nimeandika mara kumi, Mwalimu, kwa kalamu. Mara ya sita nilikuwa tayari siitazami ya juu yake.

Kisha nikamwandikia msimamizi wangu ujumbe huu. Sikutaka kuutuma kabla hamjauona:

"I misunderstood your question last week. The length didn't put me off at all. I was only two days late. Chapter seven did put me off a little, and I put off starting it until yesterday, but it is finished now."

Mwalimu Mstaafu

Tuma. Usibadilishe hata nukta.

Mfasiri Mwanafunzi

Nimetuma. Amejibu baada ya dakika tatu: "Thank you for telling me. Chapter seven puts everyone off."

Nimeisoma bila kusita popote. Naingia sura ya nane, matundu ya vifungo.